« Le Roi et moi »: mufalme, mwalimu na mutihani wa meza ya kizungu

Kuna kipande kimoja mu filme « Le Roi et moi » chenye kinachekesha watu kila mara. Mufalme wa Siam amepata habari kama mujumbe wa Uingereza, Sir Edward Ramsay, anakuja Bangkok. Amesikia pia neno lenye Waingereza wanasema juu yake: eti yeye ni mushenzi. Na mufalme anajua vizuri maana ya lile neno. Kama wakubwa wa Ulaya wakikubaliana kama wewe ni mushenzi, kesho yake wanakuja « kukusaidia » kuongoza inchi yako. Sasa afanye nini? Anashauriana na mwalimu wa watoto wake, bibi mumoja Mwingereza mujane, na kwa siku chache jumba lote la kifalme linageuka kiwanda cha nguo. Wake za mufalme wanashonewa marinda mapana ya kizungu, wanavalishwa viatu vyenye havikuwa vya kwao, chakula kinapangwa kizungu, muziki nao wa kizungu. Yote hayo juu ya mugeni mumoja mwenye atakula mara moja na kurudia kwao.

Watu wanacheka. Lakini kwetu, mutu mwenye baba ao babu yake aliitwa « évolué » anacheka kidogo, kisha ananyamaza. Ile meza anaijua. Tutairudilia.

Ndugu musomaji, filme hii ni ya zamani, na wengi wetu tuliiangalia mu Kifaransa, vipande vipande, bila kujua inatoka wapi. Inafaa kuangaliwa tena, sababu ni nzuri kweli, na sababu nyuma ya uzuri wake kuna habari yenye filme haisemi.

Filme yenyewe

Ilitoka mwaka 1956 kule Marekani, kwa kampuni ya 20th Century Fox. Jina lake la Kiingereza ni « The King and I », na mwenye kuiongoza alikuwa Walter Lang. Mbele ya kuwa filme, ilikuwa muchezo wa jukwaa wenye nyimbo, wenye ulianza New York mu mwezi wa tatu 1951. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ya nyimbo ni ya Oscar Hammerstein. Mbele ya ule muchezo kulikuwa filme ingine bila nyimbo, ya 1946, na Irene Dunne na Rex Harrison. Mbele ya ile filme kulikuwa kitabu cha Mumarekani Margaret Landon, cha 1944. Na mbele ya hayo yote kulikuwa vitabu viwili vyenye mwalimu mwenyewe, Anna Leonowens, alitoa mwaka 1870 na mwaka 1873.

Weka hii mu akili: kitabu juu ya kitabu, filme juu ya filme, lakini kisima ni kimoja. Ni mutu mumoja mwenye alieleza. Wazee walisema: musema pweke hakosi.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 1862. Anna anafika Bangkok kwa meli pamoja na mutoto wake mwanaume, Louis. Mufalme aliahidi kumupa nyumba inje ya jumba lake. Akifika, mufalme anajifanya kama hakumbuki. Anna anakasirika, anataka kurudia. Halafu watoto wa mufalme wanaletwa mbele yake, mumoja mumoja, kila mumoja na adabu yake, na moyo wake unalainika. Anabakia.

Kuanzia pale wanagombana kila siku. Wanagombana juu ya nyumba. Wanagombana juu ya karata ya dunia, sababu ku karata ya zamani Siam ni inchi kubwa kupita jirani zake zote, na ku karata mupya ya mwalimu ni kadogo tu. Watoto wanakataa kusadiki. Wanakataa zaidi wakisikia kama kuna inchi kwenye maji yanageuka mweupe na kuanguka toka mbinguni kama pamba. Wanagombana hata juu ya kichwa: hakuna mutu mwenye ana ruhusa ya kuwa na kichwa juu ya kichwa cha mufalme. Mufalme akikaa, Anna anapiga magoti. Mufalme akilala chini ili aandikishe barua, Anna naye analala chini. Kile kipande watoto wanakipenda sana.

Pembeni ya hayo kuna Tuptim, binti wa Burma mwenye aliletwa kama zawadi kwa mufalme, na huku anapenda kijana mwingine, Lun Tha. Usiku wa karamu ya mujumbe, Tuptim njo anasimulia muchezo wa kuwafurahisha wageni. Mujumbe anarudia akiwa amesadiki kama mufalme si mushenzi. Mufalme na Anna, kwa furaha, wanacheza polka mu chumba kikubwa kitupu, rinda la Anna linazunguka kama mwavuli. Njo kipande chenye dunia yote inakumbuka. Lakini dansi inakatika: askari wameleta Tuptim, alikuwa amekimbia. Mufalme anakamata fimbo amupige mwenyewe. Anna anamutazama na kumuambia kama kweli yeye ni mushenzi. Mkono wa mufalme unashindwa. Anatupa fimbo, anakimbia, na toka siku ile anaanza kufa. Ku mwisho, akiwa ku kitanda, mutoto wake mukubwa anatangaza kama watu hawatalala tena chini kifudifudi mbele ya mufalme. Baba anafunga macho. Mwisho.

Watu wenye walicheza

Mufalme ni Yul Brynner. Wengi wetu tunamujua mu filme ingine ya mwaka ule ule 1956, « Les Dix Commandements », kwenye yeye njo Farao Ramsesi. Alizaliwa mwaka 1920 Vladivostok, kule Urusi, akapitia Paris kwenye alifanya kazi ya kuruka ku kamba mu sirki, kisha akafika Marekani. Alinyoa kichwa juu ya muchezo huu, na kile kipara kikawa alama yake maisha yote. Alicheza huyu mufalme ku jukwaa mara 4.625. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa sita 1985. Mwezi wa kumi alikufa kwa kansa ya mapafu. Aliacha ujumbe mufupi mu televizio, wenye ulionyeshwa nyuma ya kifo chake, akiomba watu waache kuvuta sigara.

Anna ni Deborah Kerr, muchezaji wa Uskoti. Lakini mu nyimbo nyingi sauti yenye unasikia si yake. Ni ya Marni Nixon, mwenye jina lake halikuandikwa ku filme. Ni yeye tena mwenye aliimba nyuma ya Natalie Wood mu « West Side Story » na nyuma ya Audrey Hepburn mu « My Fair Lady ». Tuptim ni Rita Moreno, wa Puerto Rico.

Filme ilipewa Oscar tano: muchezaji mwanaume bora (Brynner), mapambo ya nyumba, nguo (kazi ya Irene Sharaff), muziki na sauti. Ukiangalia lile jumba lenye kung'aa zahabu, ujue kama lilijengwa mu studio kule Hollywood. Na kati ya wale wenye walicheza watu wakubwa wa Siam, hakuna hata mumoja mwenye alizaliwa Siam. Warusi, Wamarekani, watu wa Puerto Rico: wote walikuwako, isipokuwa wenye mambo.

Yenye mwalimu alificha

Anna Leonowens alikuwa mutu wa kweli. Alifika Bangkok kweli mwaka 1862, alifundisha kweli mu jumba la mufalme mpaka mwaka 1867. Mu vitabu vyake alisema kama yeye ni Mwingereza kamili, alizaliwa Caernarfon, kule Wales, mwaka 1834, mu jamaa ya heshima, na bwana yake alikuwa mukubwa mu jeshi.

Watu walisadiki kwa miaka mia moja. Halafu Mwingereza mumoja, W. S. Bristowe, mwenye kazi yake ilikuwa kuchunguza buibui, akaanza kutafuta habari za Louis, yule mutoto wa Anna. Akatafuta cheti cha kuzaliwa, hakuna. Akatafuta cha mama, hakuna. Akaendelea kuvuta uzi, na mu kitabu chake cha 1976 akaeleza yenye alipata: Anna hakuzaliwa Wales. Alizaliwa Uhindi, Ahmednagar, mwaka 1831. Baba yake alikuwa fundi wa mbao mwenye aliingia jeshi kama askari mudogo, na alikufa mbele Anna azaliwe. Mama yake alikuwa mutoto wa ofisa Mwingereza, na wachunguzi wanaona kama nyanya yake Anna alikuwa Muhindi ao muchanganyiko. Bwana yake, Thomas Leon Owens, hakuwa mukubwa wa jeshi. Alikuwa karani, na alikufa Penang mwaka 1859 akiwa anaangalia hoteli. Hata jina Leonowens ni majina mawili yenye yalishikanishwa.

Ni kusema Anna alikuwa muongo? Ndiyo, alidanganya. Lakini tuulize: juu ya nini? Mwanamuke mujane, bila franga, na watoto wawili, mu dunia ya Waingereza wa wakati ule. Kama angesema « mimi ni mutoto wa kambi ya askari kule Uhindi, na damu yangu imechanganyika », nani angemuita bibi wa heshima? Nani angemupa watoto afundishe? Kwa wakubwa wa Singapore na London, mutu kama yeye alikuwa na nafasi yake, na ile nafasi haikuwa mezani.

Basi alijitengenezea meza. Alijishonea rinda, kama vile wake za mufalme walishonewa marinda mu filme. Tofauti ni kwamba wao walilivaa usiku mumoja. Yeye alilivaa maisha yake yote, na alikufa nalo, Montréal, mwezi wa kwanza 1915. Kule Canada aliacha kazi nzuri: mwaka 1887 alikuwa kati ya wale wenye walianzisha shule ya ufundi wa sanaa ku Halifax, na ile shule iko mpaka leo.

Mufalme mwenye hakuulizwa

Mufalme naye alikuwa mutu wa kweli. Jina lake ni Mongkut. Mu filme ni mwanaume wa nguvu, kifua wazi, anapiga kelele, anauliza maswali kama mutoto. Mu kweli, siku Anna alifika, Mongkut alikuwa muzee wa miaka 57, na miaka 27 ya ile maisha alikuwa mutawa wa dini ya Buddha, anatembea miguu, anakula chenye watu wanamupa. Alikuwa mufalme mwaka 1851 tu. Wakati wa utawa alijifunza Kilatini kwa askofu Mufaransa Pallegoix, na Kiingereza kwa wamisionere wa Marekani. Alipenda hesabu na nyota.

Anna hakuwa mwalimu wa kwanza mu lile jumba. Mbele yake, mabibi wa wamisionere Wamarekani walikuwa wanafundisha wake za mufalme. Shida ni kwamba walikuwa wanahubiri zaidi ya kufundisha. Njo maana, katika barua yake kwa Anna, mufalme alimuandikia wazi: ufundishe Kiingereza na elimu, lakini usijaribu kugeuza watoto wangu kuwa Wakristo, sisi ni watu wa Buddha. Soma tena ile barua. Ni mutu mwenye anajua chenye anataka kununua na chenye hataki kununua.

Kuna pia habari ya tembo. Mu filme mufalme anaandikisha barua kwa raisi Lincoln, anataka kumutumia tembo waachwe mu pori ya Marekani, tembo wanaume peke yao. Anna anashangaa, na watu wote mu sinema wanacheka juu ya mufalme mwenye hajui namna tembo wanazaana. Ile barua ilikuwako kweli, ya mwaka 1861. Lakini Mongkut aliandika kuhusu tembo wanaume na wanawake, ili wazae na kuongezeka. Alijua. Lincoln alimujibu kwa heshima mu mwezi wa pili 1862, akisema kama hali ya hewa ya inchi yake haifae kwa tembo, na kama kazi ya kusukuma mizigo inafanywa na mashini za mvuke. Barua mbili za wakubwa wawili, zenye adabu. Hollywood ilichukua moja, ikatosha wanawake, na ikapata kicheko.

Tusidanganye upande mwingine. Siam ya Mongkut ilikuwa na watumwa. Mufalme alikuwa na wake wengi, na watoto 82, na mabinti walikuwa wanaletwa kwake kama zawadi, sawa vile Tuptim. Anna aliona ile maisha kwa macho yake, na hasira yake haikuwa ya uongo. Lakini aliongeza chumvi kupita chakula. Aliandika kama Tuptim alichomwa moto mbele ya watu. Wanahistoria wa Tailandi wanakataa, hawaoni alama ya jambo lile popote. Na chenye hakipatikane mu filme ni kwamba Mongkut mwenyewe alitoa ruhusa kwa wanawake wengi wa jumba lake, kama wanataka, waende.

Meza ya Siam na meza ya kwetu

Sasa turudilie ile karamu. Mu filme, inchi inaokolewa na rinda, polka na akili ya mwalimu. Mu kweli, mutihani wa Mongkut ulipita miaka saba mbele Anna afike. Mwaka 1855 mujumbe wa Uingereza, Sir John Bowring, alikuja Bangkok. Mufalme alimupokea mwenyewe na kusema naye Kiingereza. Karatasi zenye zilitiwa sahihi zilikuwa nzito: biashara ikafunguliwa, kodi ya vitu vya inje ikashushwa mpaka 3 ku 100, na Waingereza wakapata ruhusa ya kuhukumiwa na konsuli wao, si na hakimu wa Siam. Ile njo bei ya chakula.

Na pembeni moto ulikuwa unawaka. Waingereza waliisha kukamata Burma ya chini mwaka 1852. Wafaransa walitia Kambodia chini ya ulinzi wao mwaka 1863, wakati Anna alikuwa anafundisha alfabeti. Mwaka 1893, chini ya mutoto wa Mongkut, manuari za Ufaransa zilipanda muto mpaka Bangkok, na Siam ikaachilia Laos. Baadaye ikaachilia vipande vingine. Lakini moyo wa inchi ulibakia. Katika eneo lile lote, Siam peke yake haikutawaliwa na Wazungu.

Kuna habari moja yenye inatugusa sisi Wakongomani. Mwaka 1892, wakati Léopold II alikuwa anajiita mwenye Congo, Mubelgiji mwingine alifika Bangkok: Gustave Rolin-Jaequemyns, mwanasheria mukubwa, mwenye alikuwa ministri wa mambo ya ndani kule Ubelgiji. Hakuja kutawala. Aliajiriwa na mufalme Chulalongkorn, mutoto wa Mongkut, kama mushauri mukubwa, akasaidia kutengeneza sheria na kuikinga Siam mbele ya Wafaransa. Inchi ile ile ya Ubelgiji, miaka ile ile. Huku Mubelgiji alikuja na fimbo, kule Mubelgiji alikuja na kalamu na kupokea mushahara kwa mwenyeji. Tofauti haikuwa mu roho ya Wabelgiji. Ilikuwa mu kujua nani amemuita, na nani anamulipa.

Kwetu, lile neno « mushenzi » lilifanya kazi yake mpaka ku mwisho. Tulichukuliwa kwa jina la ustaarabu. Na mu miaka ile yenye Hollywood ilikuwa inatengeneza filme hii, baba zetu walikuwa wanapitishwa mutihani. Mwaka 1948 ililetwa « carte du mérite civique ». Mwaka 1952 ikaletwa « immatriculation ». Wenye kuomba walichunguzwa: anasema Kifaransa gani, ana bibi ngapi, nyumba yake iko namna gani, jamaa inakula mezani na uma na kisu ao inakula na mikono. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa kwanza, akapewa mwaka 1954. Wenye walipita walikuwa wachache sana. Na wenye walipita waliona kama, hata na karatasi mu mufuko, mulango ulibakia nusu wazi.

Njo maana nasema kicheko cha kile kipande kinakatika mu koo. Mufalme anapanga meza ili asiitwe mushenzi. Mwalimu mwenye anamusaidia kupanga, yeye mwenyewe amejificha nyuma ya meza ingine, ili asiitwe muchanganyiko wa kambi. Filme inafikiri inaonyesha mwenye kufundisha na mwenye kufundishwa. Mu kweli inaonyesha wanafunzi wawili wa mutihani mumoja. Mwenye kuandika maswali hayuko mu chumba. Ametuma mujumbe tu, aje aangalie na arudie.

Tuptim na kitabu

Kuna mutu mumoja mu filme mwenye anakataa mutihani, naye ni mudogo kuliko wote. Tuptim aliazima kwa Anna kitabu cha Harriet Beecher Stowe juu ya watumwa wa Marekani, chenye kilitoka 1852. Akatengeneza nacho muchezo wa ngoma, kwa namna ya kwao: vinyago, vitambaa virefu vyenye vinakuwa muto na barafu, waimbaji pembeni. Ni Jerome Robbins mwenye alipanga zile ngoma, na kwa macho yangu ni kipande kizuri kupita vyote. Katikati ya muchezo Tuptim anaacha kuwafurahisha wageni, anasema na mufalme uso kwa uso juu ya mutumwa mwenye alitaka kuwa huru.

Angalia: hakuchukua rinda la mugeni. Alichukua kitabu cha mugeni, akakivalisha nguo za kwao, akasema neno lake. Wageni wakapiga makofi. Wao walifikiri ni dansi tu.

Vifo viwili

Tailandi ilikataza filme hii. Mwaka 1999, Hollywood ilitaka kurudilia hadithi na Jodie Foster na Chow Yun-fat. Serkali ya Tailandi ikakataa wasipige picha mu inchi yake, wakaenda kuzipiga Malaysia, na ile filme nayo ikakatazwa. Mutu anaweza kusema kukataza si jibu, na mimi nafikiri vile. Jibu bora lilitoka mwaka 1948: ndugu wawili wa Tailandi, Seni na Kukrit Pramoj, wenye wote wawili walikuwa mawaziri wakuu mu nyakati tofauti, walikusanya maandiko ya Mongkut na kuyatia mu Kiingereza, ili mufalme aseme mwenyewe. Ile kazi haina nyimbo, haina polka. Wachache wameisoma. Lakini iko.

Mu filme, mufalme anakufa kwa huzuni, sababu mwalimu alimuita mushenzi, na mwalimu yuko pembeni ya kitanda. Mu kweli, Anna hakuwako. Alisafiri mwaka 1867, na kifo kilimukuta mbali.

Mongkut alikufa hivi. Alikuwa amefanya hesabu zake mwenyewe, akaona kama tarehe 18 mwezi wa nane 1868 jua litafunikwa lote, na kama litaonekana vizuri ku Wa Ko, kijiji cha pwani kusini ya Bangkok. Akaita wanajimu wa Ufaransa waje, akaita gavana Mwingereza wa Singapore aje. Wakajenga kambi mu pori lenye maji ya kusimama. Saa ilipofika, jua likafunikwa sawa vile alisema, na giza likakaa karibu dakika saba. Wageni wakaona, mufalme akaona. Mbu nao walikuwako. Alirudia Bangkok na malaria, pamoja na mutoto wake Chulalongkorn. Mutoto alipona. Baba alikufa tarehe 1 mwezi wa kumi.

Ule mutoto, alipofika miaka 20, mwaka 1873, alikataza kweli watu kulala kifudifudi mbele ya mufalme. Mwaka 1874 alianza kufungua watumwa polepole, sheria kwa sheria, mpaka ile ya mwisho ya 1905. Anna alisema ni matunda ya masomo yake. Labda kidogo. Lakini yule kijana alikuwa pia mutoto wa mutu mwenye alikubali kulala mu pori la malaria ili aonyeshe wageni jua lenye yeye mwenyewe alilihesabu.

Kwa hiyo, ukiipata hii filme, iangalie na watoto. Mucheke juu ya tembo, mupige makofi wakati wa polka. Halafu, kisha kuzima televizio, uwaeleze ile siku ya jua. Filme haikuionyesha.